Jina la Daktari, Ukurasa wa Nne

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi, mwaka aliostaafu. Kilimpata rafiki yake, karani wa masjala ya hospitali. Alipewa faili la mtoto wa miaka miwili aliyefia kwenye upasuaji. Mama mzazi alikuwa amekaa nje akilisubiri, ajue ni nani alimpasua mwanawe.

“Jina la daktari lipake wino, dada, usije ukamwaga unga wako,” mkuu wake alimwambia huku akicheka.

Alipaka. Aliona kana kwamba anafunika kidonda kilichooza. Mara umeme ukakatika, na chumba kile hakikuwa na dirisha. Hapo akasikia sauti ya kulamba, polepole, mezani mbele yake. Alipopapasa, kitu chenye joto na utelezi kikampita vidoleni.

Taa ziliporudi, karatasi ilikuwa imelowa mate yanayonuka maziwa yaliyochacha. Wino wote ulikuwa umetoka, jina linasomeka, na juu yake kulikuwa na michirizi ya ulimi mdogo. Alitapika kwenye kikapu cha taka, kisha akampelekea yule mama karatasi hiyo hiyo.

Karani na mkuu wake wamekwisha kufariki, na shangazi pia. Mama wa yule mtoto yu hai. Mwaka jana nilimwomba anionyeshe ile karatasi, nayo ikanilowesha vidole.