Sentensi ya Sita

Celina alirekodi sentensi tano. Hilo mliweke akilini, kwa sababu mumewe Ndwiga alibisha kutwa nzima kwamba zilikuwa sita tangu mwanzo, na Ndwiga akianza kubisha, utachoka wewe.

Nesi Karimi ndiye aliyemfundisha. Celina alikuwa atolewe mfuko wa uzazi Alhamisi. Uvimbe ulikuwa umemmaliza damu kwa miaka miwili, na hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba angelala usingizi wa dawa asiamke, amwache binti yake Kanini wa miaka minne bila mama.

"Hofu inapandisha presha," Karimi alimwambia kliniki. "Jirekodi kwa simu ukijiambia maneno mazuri. Kila asubuhi ujisikilize, halafu uyaseme mwenyewe ukijiangalia kwa kioo. Mwili husikia."

Akajirekodi Ijumaa, chumbani kwake katika mtaa wa Dallas hapo mjini, mlango umefungwa. *Mimi ni mzima. Daktari wangu anajua kazi yake. Sitaogopa. Nitalala na nitaamka. Nitamlea mtoto wangu.* Akajisikia vizuri, akaenda kupika githeri.

Jumamosi asubuhi akasikiliza. Baada ya ile ya tano kukawa kimya kidogo, halafu sauti ikasema, kwa Kiembu cha wazee wa zamani: *Na mimi nitaamka.*

"Si ni wewe?" Ndwiga akasema, mswaki mdomoni. "Sauti ni yako kabisa."

"Mimi siongei Kiembu hivyo, Baba Kanini."

"Basi ni jirani. Wacha kujitafutia presha."

Akaifuta, akarekodi upya. Jumapili ikawa na sita tena, na chumba kilinuka tumbaku ya kunusa, ilhali katika nyumba ile hakuna aliyewahi kushika tumbaku. Celina akaacha simu, akasema heri kioo, kioo hakina mtu ndani. Maskini! Jumatatu akasimama mbele yake, akasema ya kwanza mpaka ya tano, akataka kunyamaza, lakini mdomo wake haukufunga, aliuona kwenye kioo ukiendelea kwenda wenyewe, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, na sauti ikatoka kooni mwake bila yeye kuituma, ikasema mwili huu ni wangu, ikasema tena, mwili huu ni wangu, mpaka Kanini akagonga mlango.

"Mama, unaongea na nani?"

Celina alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Jumanne mama yake, Peninah, akafika kutoka kijijini Karurumo na mkungu wa ndizi. Celina hakumngoja hata avue leso. Akamwekea simu sikioni.

Peninah aliijua sauti ile kabla haijamaliza neno la kwanza. Akakaa kitandani.

"Mama, ni nani?"

"Ni shetani tu, mwanangu. Tutaomba."

Uongo mtupu! Hakuwa shetani. Alikuwa Ruguru, mama yake Peninah, mnusa tumbaku, aliyeingizwa thieta kupasuliwa goita ya shingo miaka mingi iliyopita akafia mezani, Peninah akiwa na mimba ya Celina. Kwao kila mtu anajua, binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na kwa jina hilo marehemu huwa amerudi nyumbani. Celina alikuwa binti wa pili. Lakini Peninah wakati huo alikuwa ameokoka juzijuzi, tena aliogopa jina lililokufa kwa kisu. Akampa mtoto jina la sista wa misheni, basi. Ruguru akabaki nje, hana pa kuingia. Sasa mjukuu wake anaenda kulazwa mahali palepale alipolazwa yeye, na kila asubuhi anautangazia mwili wake kwamba ataamka.

Dawa yake Peninah aliijua. Ungeitwa ukoo, achinjwe mbuzi, Celina aitwe Ruguru mbele ya watu wote, na mambo yaishe. Hata mtu mzima hufanyiwa. Lakini Peninah ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na mambo hayo ya mbuzi ameyakemea kwenye maikrofoni miaka ishirini. Wenzake wangesema nini? Akanyamaza Jumanne. Akanyamaza Jumatano. Aibu ni kitu kibaya sana, jamani.

Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa hospitali, Celina akamshika mkono kutoka kwenye kitanda cha magurudumu.

"Mama, kama kuna kitu unajua, niambie. Naogopa."

Peninah akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale kwenye ulimi. Nesi Karimi alikuwa akiangalia, na nyuma yake wamama watatu wa kanisa waliokuja kuomba.

"Sema maneno yako, mwanangu," akasema.

Wakamsukuma. Celina akaanza, mimi ni mzima, daktari wangu anajua kazi yake, na kadiri kitanda kilivyozidi kwenda ndivyo sauti yake ilivyozidi kufifia na nyingine kupanda juu yake, nzito, ya mtu aliyengoja sana, zikisema pamoja nitalala na nitaamka, nitalala na nitaamka, hadi walipofika kwenye milango ya thieta Peninah akasikia sauti moja tu, na haikuwa ya binti yake.

Daktari akatoka saa nane akitabasamu. Upasuaji ulikuwa umeenda vizuri sana, damu haikupotea. Wamama wakapiga vigelegele. Jioni Ndwiga akaingia wodini na Kanini, naye mtoto akakimbilia kitanda akipiga kelele za furaha.

Mgonjwa akamtazama vile unavyomtazama mtoto wa mgeni.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni dawa hiyo bado," Ndwiga akasema, akicheka peke yake. "Mama Kanini, ni sisi."

Mgonjwa alikuwa amegeuka upande wa mama yake aliyesimama kando ya kitanda, ambaye Celina, tangu ajue kuongea, hakuwahi kumwita kwa jina. Akamwangalia mvi, akamwangalia makunyanzi, na machozi yakamlengalenga.

"Peninah," akasema, kwa Kiembu kile cha zamani. "Umezeeka hivi?"

Na Peninah akajikuta amepiga magoti kwenye sakafu ya wodi, mbele ya kila mtu.

"Ndiyo, mama," akajibu.

Kanini akaanza kulia, akimtaka mama yake.