Mguu Uliorusha Teke

Fundi Suti alikutwa amekaa kwenye kiti chake kama mtu anayesubiri chai. Kichwa kimelalia bega, mikono imetulia, macho nusu wazi. Alivaa fulana na bukta, na miguu yake ilinyooshwa juu ya kigoda. Kila paja lilikuwa na vibandiko viwili vyeupe, na nyaya nyembamba zilitoka hapo hadi kwenye mashine ndogo iliyowekwa mezani. Taa ya mashine ilikuwa bado inawaka.

"Mtu asiguse kitu," alisema Inspekta, akashika fremu ya mlango apate pumzi. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, na goti lake la kulia lilikuwa limelalamika ngazi nzima. Kustaafu kulikuwa kunamchungulia, naye hakupenda kukumbushwa.

Koplo wake, kijana mrefu asiyejua kunong'ona, aliinamia mashine. "Afande, mzee kapigwa shoti."

"Shoti ya betri kama hizi? Acha kumfanyia daktari kazi yake."

Binti wa marehemu alikuwa amekaa sakafuni jikoni, bado kavaa aproni ya kazini. Ndiye aliyerudi jioni akamkuta baba yake hivyo. Alieleza kwa sauti kavu, machozi yakiwa bado yako mbali.

"Uzee ulimkamata miguu, Afande. Magoti, nyonga, kiuno. Misuli ya mapaja ilisinyaa mpaka akashindwa ngazi. Miaka minne hajakanyaga barabara. Ndipo hospitali wakatuletea mtaalamu wa viungo na mashine hii. Inastua misuli, mguu unaruka wenyewe, nguvu zinarudi kidogo kidogo."

"Na maumivu?" Swali hilo Inspekta aliliuliza kwa niaba ya goti lake.

"Yalipungua. Baba alianza kuamka bila kukunja uso."

Jirani wa mlango wa pili, mjane mwenye sauti ya sokoni, hakuhitaji kuulizwa.

"Mimi nimemwona yu mzima saa saba! Nilikuwa chini naanika nguo. Napanda, namkuta mpwa wake anatoka. Mpwa kasimama mlangoni, anamwambia, 'Mjomba, pumzika, mimi narudi karakanani.' Nikachungulia. Mguu wa Fundi ulikuwa unarusha teke kama kawaida yake."

"Uso wake uliuona?"

"Kiti chenyewe hicho kina masikio kama tembo, uso utauonaje? Lakini mguu niliuona. Pa! Pa!"

"Baadaye nani aliingia?"

"Yule msichana wa mashine. Fundi alikuwa akimwita Binti Umeme. Aliingia saa nane, akatoka mbio kama kafukuzwa na nyuki. Hata salamu yangu hakuitikia."

Asubuhi iliyofuata daktari wa uchunguzi wa maiti alitoa neno. Moyo wa mzee haukuwa na dalili ya umeme. Ndani ya macho kulikuwa na vidoadoa vya damu, na mdomo ulichanika kwa ndani, pale ulipogandamizwa kwenye meno. Kwenye mto wa kiti kulikuwa na mate na damu kidogo. Alizibwa pumzi. Saa? Kati ya saa sita na saa nane, na daktari hakukubali kubanwa zaidi ya hapo.

Mkuu wa kituo alifurahi. Alikuwa mtu wa kupenda majalada yaliyofungwa.

"Saa saba mzee anarusha teke. Saa nane msichana anaingia, anatoka mbio, mzee maiti. Unataka nini tena, Inspekta? Kesho afikishwe mahakamani kwa kosa la kuua."

"Sababu yake?"

"Sababu ataitaja huko huko."

Binti Umeme aliletwa kutoka mahabusu akiwa bado na sare yake ya hospitali, imekunjamana. Alikuwa binti mdogo, mikono imara, na usiku mmoja tu ndani ulikuwa umemla mashavu.

"Uliingiaje?"

"Mlango ulikuwa umerudishwa tu."

"Ukamkuta vipi?"

"Kafa."

"Ulijuaje?"

"Nilimshika shingo. Mapigo hakuna."

"Mbona hukuita mtu?"

Aliinamisha kichwa. "Niliangalia mashine. Kiwango kilikuwa cha juu kabisa. Nikasema, basi, mashine yangu imemuua. Nikakimbia. Niliogopa, Afande. Kukimbia nimekosea, lakini kumuua sijamuua."

"Kiwango cha juu uliweka wewe?"

"Hapana! Fundi alikuwa hapiti kiwango cha tano. Vipo ishirini. Hakuna mtu anayeweza kuvumilia ishirini, msuli unajikunja mpaka unalia."

"Mlikuwa mnagombana?"

Msichana akatabasamu, na tabasamu hilo likamwumiza Inspekta kuliko kilio. "Tulikuwa na siri. Alikuwa anasimama. Wiki iliyopita alitembea mpaka jikoni na kurudi. Akaniambia nisimwambie mpwa wake. Alitaka kushuka ngazi aende kwenye karakana yake ya kushona suti, aliyomwachia mpwa, awafumanie mafundi wakiwa kazini."

Inspekta alirudi ofisini, akafunga mlango, akapandisha sketi ya sare mpaka juu ya goti, akabandika pajani vibandiko vipya vya mashine ya Fundi, iliyoletwa kituoni kama kielelezo. Koplo aligeukia ukutani haraka.

"Geuka bwana, mimi ni sawa na mama yako. Washa hiyo mashine."

Kiwango cha tatu kilikuwa kama mchwa wanatembea. Cha tano, paja likaruka na goti likanyooka lenyewe. Cha nane, Inspekta aliuma meno. Cha tisa akapiga yowe, askari wa zamu akafungua mlango na bunduki mkononi.

"Afande, niongeze?" aliuliza Koplo.

"Ongeza uone utakavyolala mahabusu."

Alibandua vibandiko. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, mraba kamili, kama imepigwa mhuri. Inspekta akaikazia macho ngozi ile. Kisha akavaa kofia.

Chumba cha maiti kilikuwa baridi na kilinukia dawa. Daktari alifunua mapaja ya Fundi Suti. Pale vilipokuwa vibandiko ngozi ilikuwa imepauka vilevile kama kwingine.

"Daktari, kiwango cha ishirini, muda wote ule. Mbona wekundu hakuna?"

Daktari alikuna kidevu. "Wekundu ni damu inayokimbilia pale. Hii damu haikukimbilia popote."

"Kwa hiyo alibandikwa akiwa ameshakufa."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Na mguu uliokuwa unarusha teke?"

Daktari akakiri kwamba swali hilo lilipaswa kuwa lake. "Mtu akifa, Inspekta, misuli haifi naye papo hapo. Inachelewa. Kwa saa moja hivi, pengine zaidi, ukiipa umeme wa kutosha inaitika. Mguu unaruka, na mwenyewe hayupo."

Koplo, aliyekuwa mlangoni, alijikuta amesema taratibu kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Mungu wangu."

Inspekta alipanda tena zile ngazi za ghorofa tatu. Jirani alikuwa anafagia.

"Mama, siku ile mguu ulipokuwa unarusha teke, Fundi alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Kwa kawaida?"

"Kwa kawaida nyumba nzima haipumziki! Kila mguu ukiruka anaukaripia. 'Haya twende, mvivu we! Umekula chakula changu bure!' Mpaka mimi huku nacheka peke yangu." Ufagio ukasimama. Macho ya mjane yalijaa. "Siku ile alikuwa kimya, Afande. Nami nikapita zangu."

"Hukukosa lolote, mama."

Basi mzee alikuwa ameshakufa saa saba, na aliyekuwa naye kabla ya hapo alikuwa mmoja tu. Inspekta hakushangilia. Alimkumbuka mpwa msibani, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akimkumbatia binamu yake na kulia kwa kwikwi. Kilio kile hakikuwa cha kuigiza, angeweza kuapa. Alikumbuka pia kucha zake, nyeusi hadi kwenye nyama. Weusi ule haukutokana na kushona nguo.

Karakana ilikuwa upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya malori. Juu ya mlango bado palisomeka maneno ya rangi iliyochujuka: SUTI ZA HESHIMA. Chini yake palikuwa na marundo ya matairi. Cherehani haikuwepo hata moja. Mpwa alikuwa amechuchumaa kwenye karai la maji, anatafuta pancha kwenye mpira. Futi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, mbali na grisi.

Alimwona Inspekta, akaangalia matairi, akaangalia mikono yake. Akasimama bila kuambiwa.

Kituoni Inspekta alimweleza haki yake ya kunyamaza. Mpwa alitikisa kichwa; alitaka kusema.

"Karakana imefungwa lini?"

"Mwaka wa pili tangu mjomba ashindwe kutembea. Watu hawashoni suti tena, Afande, wananunua za kutundikwa madukani. Mafundi waliondoka mmoja mmoja. Mwenye jengo akaleta matairi, akanipa kazi ya pancha."

"Na mjomba wako ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kazi inaendelea." Alifuta pua kwa mkono. "Ndiye aliyenilea, mama yangu alipofariki. Alinifundisha kushika sindano kabla sijajua kushika kalamu. Ningemwambiaje kwamba karakana yake imekufa mikononi mwangu? Nikavaa futi kila mchana, nikaenda kumpa habari. Bwana harusi mnene aliyepasua suruali akijaribu. Fundi Kengeza aliyeshona mkono wa kushoto kulia. Wote hao niliwatunga. Mjomba alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na mimi nikitoka pale najiona mtu."

"Sasa siku yenyewe."

"Nilifungua mlango, nikamkuta amesimama. Kasimama, Afande! Kavaa shati, na suruali ya suti iko mkononi. Ananiambia, 'Nisaidie kuvaa, leo nataka nikaone kazi kwa macho yangu.' Na alikuwa anacheka. Sijui alikuwa anacheka nini."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia kesho. Akasema leo. Nikasimama mlangoni. Akanisukuma, akaanza kumwita jirani aniondoe njiani. Akaanguka kwenye kiti, nami nikachukua mto nikamziba mdomo. Nilitaka anyamaze, nifikirie kidogo tu. Sikujua nimeshikilia muda gani. Nilipotoa mto alikuwa amenyamaza."

Koplo alikuwa anaandika maelezo. Kalamu ilisimama.

"Na mashine?"

Mpwa alijikunja juu ya meza.

"Nilimtikisa, hakuamka. Shati nikalifungua, nikamvua, nikamsikiliza kifua. Nikaona mashine. Nikasema hii si ndiyo iliyomrudishia miguu? Nikambandika, nikawasha. Mguu ukaruka, Afande. Ukaruka! Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia, 'Mjomba, umenitisha sana.' Nikamwomba msamaha, nikamwambia habari za matairi zote, na mguu unaitika, unaitika. Nikamwangalia usoni. Uso haukuwa na mtu. Kila mguu ulipolegea niliongeza kiwango, mpaka namba zikaisha. Ndipo nikamsikia jirani anapanda ngazi. Shetani akaniambia, mwache aone."

"Ukajua Binti Umeme anakuja saa nane."

"Nilijua."

"Ukamwacha abebe mzigo wako."

"Ndiyo." Hilo alilisema akiwa ametazama chini, na Inspekta hakumhurumia hapo. Msichana asiye na kosa alikuwa amelala kwenye sakafu ya saruji kwa ajili yake.

Mpwa alitia sahihi. Kisha akainua uso, akasema kama anayejifariji, "Angalau alikufa hajui. Angalau hilo."

Msichana aliachiwa saa ile ile, na mkuu wa kituo akapata shughuli ya haraka mahali pengine. Inspekta alitoka kwenye korido, ambako binti wa marehemu alikuwa anasubiri kwenye benchi. Akakaa karibu naye, akamweleza yote bila kupunguza, kwa sababu alistahili kuyasikia yote.

Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa sababu ya karakana?" aliuliza. "Amemuua baba kwa sababu ya karakana?"

"Alikuwa anaficha isijulikane kwamba imekufa."

"Baba alijua."

Inspekta aligeuka.

"Alijua tangu mwaka jana. Mteja wake wa zamani alipeleka gari kuziba pancha, akampigia simu baba. Mimi nikataka kumkabili binamu yangu, baba akanikataza. Akasema, 'Mwache, anasimulia vizuri. Mtoto anajitesa hivi ili nicheke, nami nimkatize?'" Machozi sasa yalikuwa yanashuka. "Aliponiambia anaanza kusimama, alisema atashuka mwenyewe, amkute pale pale kwenye matairi, amshike mkono, amwambie basi, mwanangu, inatosha. Kumbe ndiyo siku hiyo."

Inspekta alivua kofia yake, akaiweka kwenye benchi.

"Yeye anajua?" binti aliuliza.

"Hajui. Anasema angalau mzee alikufa hajui."

Binti alijifuta uso kwa aproni, akasimama. "Niruhusu niingie."

"Huna lazima, mwanangu."

"Baba alikuwa na neno lake la kumpelekea. Hakufika. Nitampelekea mimi."

Inspekta alimfungulia mlango, akamwashiria Koplo atoke. Alisimama nje akiwa ameegemea ukuta. Alisikia sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na hasira, ikisema maneno machache tu. Kisha mwanamume akaanza kulia, kilio cha mtu anayepewa taarifa ya msiba kwa mara ya kwanza, na binamu yake hakutoka.