Kabati la Loreen

Jirani yangu Loreen, hapa hapa mjini Chillicothe, alinisimulia haya. Alinunua bastola ndogo ya kuficha kiunoni. Muuzaji akamwambia, "Mama, nyumbani toa risasi zote, ikoki, ifyatue, mpaka mkono uzoee. Usije ukajipiga mguu bure!"

Mchana huohuo, chumbani, akatoa risasi zote, akalilenga kabati la nguo. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo, ndani giza totoro. Akakoki, krak. Akafyatua, ta.

Ndani ya kabati ikasikika: krak. Ta.

"Earl, acha upuuzi wako!" akamfokea mumewe.

"Niache nini, mpenzi?" Earl akajibu kutoka nje. "Niko huku nakata majani!"

Loreen akaiweka bastola kitandani, akarudi nyuma mikono mitupu. Kabatini ikalia krak.

Mpaka leo anaisubiri ile ta.