Mtu wa Usingizi

Jirani waliyembandika jina la Redio aliapa kwamba aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe, tena bila kutega. Alikuwa anaanika nguo, na binti mshonaji wa jirani alikuwa dirishani anaongea kwenye simu kwa ile sauti ya chini ya mtu na wake.

"Alisema hivi," Redio alimwambia fundi simu mbele ya wateja. "'Rangi ya kucha nitatoa. Hereni nitavua. Sitakula kitu. Lakini ni wewe mwenyewe utakayenilaza? Basi kesho nakuja hospitali unitazame kwanza.' Mpenzi wako ana daktari wake, kaka. Niliisikia simuni, sauti nene ya kiume hiyo!"

Fundi simu aliweka bisibisi chini. Mshonaji alikuwa amemuaga, eti anakwenda kukaa kwa shangazi yake. Tangu walipokutana mlangoni mwa benki, palipojaa watu, fundi akamkanyaga mshonaji kiatu kikakatika, naye mshonaji akamwambia, "Kaka, sasa itabidi unibebe," haikupita jioni bila simu zao.

Asubuhi akafunga kibanda, akaenda hospitali. Kwenye korido ndefu iliyonuka dawa ya kudekia alimwona mshonaji kwa mbali. Gauni la manjano, kilemba chekundu, midomo imepakwa rangi kama anayekwenda harusini. Akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kwa shangazi, kipenzi changu."

"Shangazi yako ana kipaza sauti cha kuita wagonjwa?"

Mshonaji akageuka. Fundi alikuwa ameshafika mbele yake.

"Yuko wapi huyo bwana anayekulaza?"

Benchi zima la wagonjwa likageuka kuwatazama. Mlango ukafunguka, akatoka mama wa makamo, nguo za kijani, miwani juu ya paji la uso.

"Ni mimi," alisema kwa sauti nene kweli. "Nalaza watu kutwa, na wote nawaamsha. Nikulaze na wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alikuwa amesoma maandishi juu ya mlango: Usingizi na Upasuaji, Wagonjwa wa Saratani.

"Ni titi," mshonaji alisema, kidevu juu. "La kushoto. Wanalitoa Alhamisi. Haya, umejua. Shangazi anasema nijifiche, hakuna mwanamume wa kuoa nusu mtu. Nikaona nikuache kabla hujaniacha."

"Na kilemba? Nilidhani fasheni."

"Ni fasheni. Chini yake kuna upara, lakini fasheni ni fasheni."

"Ungeniambia..."

"Nikuambie uniletee uso huo? Jitazame! Uso wa msibani, na mimi niko hai. Rudi kwenye simu zako."

Yule mama, daktari wa usingizi wa upasuaji, akawakatiza. "Mtagombana baadaye. Binti, zile dawa za saratani ulizotiwa kwa dripu zinaweza kuuchosha moyo. Moyo ukiwa umechoka, Alhamisi haipo, na huo uvimbe hautatungoja. Ukipanda ngazi ghorofa mbili, unasimama njiani?"

Mshonaji alisita. "Sijapanda siku nyingi."

"Basi twende tukaone."

Wakaenda watatu. Fundi hakualikwa, lakini alikwenda.

"Nani amekuita?" mshonaji alimuuliza wakianza kupanda.

"Ngazi za umma hizi."

"Ukinihurumia nakusukuma."

"Nisukume. Siendi."

Ghorofa ya kwanza aliimaliza kwa hasira tupu. Ya pili miguu ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka chini ya kilemba. Fundi akanyoosha mkono, mshonaji akaupiga kofi. "Usiniguse! Nikishikwa haihesabiki!" Akakaza meno, akapanda, akapanda tena. Juu kabisa akashika kiuno na kugeuka. Fundi alikuwa nyuma, ameegemea ukuta, anahema kama mbwa.

"Daktari," mshonaji alisema, pumzi zikimkatika kwa kicheko, "huyu ndiye mgonjwa."

Chumbani, mama wa usingizi alimkalisha, akamsikiliza moyo, mbele na mgongoni, muda mrefu. Fundi alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Moyo huu utalala na utaamka," daktari alisema hatimaye. "Alhamisi ipo. Ila nikimaliza kumwamsha namkabidhi mtu, simwachi peke yake. Kijana, wewe ni nani wake?"

Fundi akapiga hatua moja, akapiga goti, macho kwa mshonaji.

"Mwambie ni mume," alisema. "Shangazi mwache aseme anavyotaka. Mimi sitaki nusu ya mtu, nakutaka wewe mzima, na titi moja au bila. Niruhusu niseme mume."

Mshonaji akavuta pumzi aseme.

"Bado sijamaliza," alisema mama wa usingizi, tochi mkononi. "Nataka kuona koo. Fungua kinywa, wazi kabisa. Toa ulimi, na usitoe sauti hata kidogo."

Mshonaji akafungua kinywa, na mkono akamnyooshea fundi aushike.