Cheti cha Mwajabu

"Dada, nipe soda moja, iwe baridi sana."

Msichana aliyeketi juu ya tofali pembeni ya stendi ya Kibiti aliinua macho. Miguuni pake palikuwa na sanduku la buluu lenye mfuniko mzito, ubavu wake ukitoka jasho la barafu. Alivaa gauni jeupe la kazi, lililopauka kwa kufuliwa, na begani alitupia khanga ya rangi ya ndimu.

"Soda sina," alisema. "Nina surua, nina pepopunda, nina kifaduro. Nikuchome ipi?"

Wauza korosho waliokuwa karibu waliangua kicheko. Kijana aliona haya, akalikumbatia begi lake la ngozi. Shati lake la mikono mirefu lilikuwa limeloa mgongoni, na suruali yake ya kitambaa ilikuwa na matope mpaka magotini, kwa sababu basi lake lilinasa njiani na abiria wakateremshwa kulisukuma.

"Samahani. Nilidhani unauza."

"Si kosa lako. Siku hizi kila mwenye sanduku anauza." Alionyesha kwa kidevu marundo ya mitumba, redio za betri na sabuni za kigeni zilizojaa kando ya barabara. Ilikuwa mwaka 1996, na Kibiti nzima ilikuwa imegeuka duka. "Ila kwetu hata mtoto analijua sanduku la chanjo. Wewe umetoka wapi?"

"Chuo Kikuu."

"Pole."

Safari hii kijana naye alicheka, na kicheko kile ndicho kilichomfanya msichana asogee kidogo kumpa nafasi kwenye tofali.

Aliitwa Ismaily. Alikuwa ametumwa wilayani kusimamia mpango mpya wa vyeti vya wahudumu wa afya na wa jamii. Msichana alikuwa Mwajabu, mhudumu wa zahanati ya Mikokoni, kijiji cha ndani kabisa ya delta, naye aliposikia neno "vyeti" aliacha mzaha.

"Wanasema mwisho wa mwaka watapunguza watu," alisema. "Mie nimeishia darasa la saba. Vyeti nilivyo navyo ni vya semina, kazi yake kufunika nyufa za ukuta. Nikitolewa, mama yangu na wadogo zangu watakula nini?"

"Hatutakuuliza umesoma mpaka wapi," Ismaily alisema, akamgeukia. "Tutakuja kazini kwako, tukutazame unavyofanya. Ukiweza, unapata cheti, na cheti hicho kitakubalika kutoka Mtwara hadi Mwanza. Hatakuwapo mtu wa kukwambia kazi uliyoifanya miaka yote si kazi."

Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia ndoto aliyoiota alfajiri. Mwajabu alimtazama, na matope yake yote, akajisemea moyoni kwamba huyu akiumizwa na dunia ataumia sana.

Zahanati zote za delta ziliongea na wilayani kila asubuhi kwa simu ya upepo, na aliyesema mmoja walimsikia wote. Kwa hiyo mapenzi yao hayakupita huko. Hewani Ismaily alikuwa mkavu kama karani wa mahakama. "Mhudumu Mwajabu, toa taarifa ya chanjo, ova." Yalipita Kibiti, kila Mwajabu alipokuja kuchukua barafu. Walikula mihogo ya kukaanga nyuma ya soko, yeye akiwa amejifunga khanga mpya, Ismaily akiwa amechana nywele kwa maji.

"Unanisemesha hewani kama umenishtaki," Mwajabu alimwambia siku moja.

"Ni kanuni, laazizi. Msimamizi akiwa na ndugu au mpenzi kati ya wanaopimwa, bila kusema, matokeo ya eneo lake lote yanafutwa."

"Kanuni ya nani hiyo?"

"Yangu. Niliiandika kabla sijakujua."

"Basi ifute."

"Nikiifuta kwa ajili yetu, nimeifuta kwa ajili ya kila mjanja."

"Basi sema ukweli."

Ismaily aliusukuma muhogo kando. "Nikisema, watakupeleka ukapimwe wilaya nyingine, mwakani. Mwakani utakuwa umeshatolewa kazini. Atakayekupima ni muuguzi wetu, Bi Rukaiya. Mie sitagusa alama zako hata moja. Mtihani ukipita, wazee wangu watakuja kwenu na posa. Unasemaje?"

"Nasema muhogo wako umepoa."

Ndivyo alivyokuwa Mwajabu. Ismaily alimwita laazizi, akamwita nuru, na yeye alimjibu kwa mzaha. Nyumbani kwao maneno matamu yalikuwa ya kubembelezea watoto wachanga. Mtu mzima alipikiwa. Ismaily alitaka sana kusikia neno moja tu, lakini hakuomba.

Mtihani ulifanyika mwanzoni mwa kiangazi. Bi Rukaiya, muuguzi mkali mwenye miwani ya kamba, alimtazama Mwajabu akipima watoto, akichemsha vyombo, akimwelekeza mama mjamzito aende hospitali kabla uchungu haujamkuta mtumbwini. Alifaulu vizuri, si kwa maajabu. Alikosea swali moja la kipimo cha dawa akaambiwa akalisome. Wahudumu wenzake wa delta nao walifaulu, hata Mzee Mwinyimvua wa kijiji jirani, aliyekuwa akifunga vidonda tangu kabla ya barabara kufika.

Kesho yake Ismaily alifika Mikokoni kukusanya vifaa. Mwajabu alimkaribisha chumba cha simu, kilichokuwa na kivuli, akamwekea wali na samaki wa kupaka. Ismaily aliweka begi lake mezani, akala mpaka akalegeza mkanda.

"Nikikuoa utanipikia hivi kila siku?"

"Usiponipa cheti sikupikii hata maji."

"Wewe nilishakupa alama zote tangu stendi ya Kibiti."

"Mwalimu wa aina hiyo afukuzwe."

"Afukuzwe aje akae hapa, awe anakutazama ukitembea."

"Kula, mwanamume. Samaki hatongozwi."

Waliongea hivyo, wakacheka, mpaka Mwajabu alipoona taa nyekundu ikiwaka kwenye simu. Begi la Ismaily lilikuwa limelalia kipaza sauti cha mkononi na kukibana kitufe chake. Simu ile haiwezi kusema na kusikia kwa pamoja. Kitufe kikibanwa, dunia yote inasikiliza na haina njia ya kukuonya.

Ismaily aliinua begi. Chumba kikajaa mkwaruzo, kisha sauti ya Mzee Mwinyimvua, taratibu, kama ya mtu aliyefiwa.

"Mikokoni, tumewasikia tangu wali. Wilayani pia wamesikia. Ova."

Hawakumaliza chakula.

Kamati ya watu watatu iliketi Kibiti, katika darasa lililofungwa kwa likizo. Nje, kwenye vibaraza, wahudumu wa delta walikaa na familia zao. Vyeti vyao vilikuwa tayari vimepigwa mhuri, lakini havikutolewa. Mwajabu alipita katikati yao. Hakuna aliyemtukana. Mzee Mwinyimvua alisogeza kigoda chake ili apite, na upole ule ulimchoma kuliko tusi.

Bi Rukaiya alimvuta pembeni. "Mwanangu, nimewaambia kwamba mie ndiye niliyekupima. Wamenisadiki. Lakini wanachotaka kujua ni kama wewe ni mtu wake. Ukiwa mtu wake, kanuni inawafuta wote hawa. Kanuni haina macho."

"Na nisipokuwa mtu wake?"

Bi Rukaiya alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

Ndani, mwenyekiti, Bwana Sadala, mzee wa suti ya kaki, hakuzungusha maneno. "Binti, bwana huyu ni nani kwako?"

Ismaily aliketi upande wa pili. Alikuwa ameamua kusema kweli yote. Alimtazama Mwajabu apate nguvu ya kuanza. Mwajabu alitazama ubao.

"Ni msimamizi wa mtihani. Alinitaka, mie nikamdhihaki. Mlisikia wenyewe hewani. Mlinisikia nikimwita mpenzi?"

Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amesikia.

"Huna nia naye?"

"Sina. Na wallahi, sitaolewa naye."

Kiapo kile kilitua chumbani kama jiwe kisimani. Ismaily alirudi nyuma kwa akili, mkutano mmoja hadi mwingine, mihogo, barafu, vicheko, akatafuta neno moja la mapenzi lililowahi kutoka kinywani mwa Mwajabu. Hakulipata. Basi ndiyo kweli, aliwaza. Alinicheka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa napenda.

"Bwana Ismaily, ni kweli?"

"Ni kweli," alisema. "Nilimtaka, akanikataa."

Jioni ile vyeti viligawiwa. Ismaily aliondolewa kwenye mpango, akaandikiwa onyo kali na uhamisho wa Sumbawanga.

Siku ya safari yake stendi ilijaa kama siku ile ya kwanza. Alisimama kando ya basi, begi mkononi, ndevu hazijanyolewa. Mwajabu alikuja kutoka upande wa soko, khanga imefunika nusu ya uso.

"Umekuja kuhakikisha naondoka?" Ismaily aliuliza.

"Nimekuja kukwambia nilichokunyima. Nakupenda. Nilikupenda ulipoomba soda."

Ismaily aliliweka begi lake chini. Hasira aliyokuwa akiilisha kwa siku zote zile ilimwacha, na penye hasira pakabaki maumivu tu.

"Kwa nini hukuniambia kabla ya kuingia mle ndani?"

"Ningekwambia ungekubali? Wewe hujui kudanganya. Ulihitaji kuamini ili waamini."

"Basi tuoane. Sasa hivi. Nitakwenda Sumbawanga, utanifuata. Huko hatujulikani."

"Serikali ni moja, Ismaily. Cheti kimoja, Mtwara hadi Mwanza. Wewe ndiye uliyesema."

"Tuoane kimya kimya."

"Ndoa ya kufichwa ni ndoa?"

"Kiapo kina kafara, Mwajabu. Mtu hufunga siku tatu, Mungu husamehe."

"Mie nitafunga siku tatu," alisema. "Mzee Mwinyimvua na wenzake watafunga ngapi? Siku tukioana, watajua nilidanganya, na vyeti vitarudishwa. Ile kanuni yako ni nzuri, mpenzi. Ndiyo sababu haitatuachia."

Alimwita mpenzi katikati ya kelele za wapiga debe, naye alilisikia. Utingo alipiga bodi la basi kwa kiganja.

"Nitakusubiri," Ismaily alisema.

"Usinisubiri. Oa. Ukikaa bila kuoa watu watajiuliza." Alinyoosha mkono, akauondoa kabla haujafika begani kwake, kwa sababu alikuwa amemwona mtu anakuja. "Panda."

Alipanda. Basi lilijikokota likielekea Dar es Salaam, likipiga honi kwa mbuzi.

Aliyekuwa anakuja ni Mzee Mwinyimvua, kanzu safi, cheti chake kikiwa ndani ya fremu mpya ya kioo kwapani. Alisimama kando ya Mwajabu, akalitazama basi.

"Yumo mle, yule bwana?"

"Yumo, babu."

Mzee alitema mate mchangani. "Kuthubutu kumchezea binti wa watu kwa ajili ya alama. Kidogo atuponze wote. Watu kama wale, mjukuu wangu, si watu. Mungu amekuepusha."

Mwajabu aliikaza khanga chini ya kidevu.

"Ameniepusha, babu," alisema.