Taa ya Kigari Kinachoteleza

Kila asubuhi kabla ya shule, Redio alifuta vioo vya gari la mama yake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia: alisimulia ndoto zake, akatangaza habari za darasani, akamalizia na vituko vya paka wa jirani. Mama aliitikia "ehe" hata pale ambapo hakuwa amesikia chochote.

Wiki hiyo mama naye alikuwa na wimbo wake. Kila alipowasha gari, aliitazama taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye picha ya kigari kinachoacha alama za kupindapinda nyuma yake, kisha akaguna.

"Bado inawaka! Maana yake kile kinachozuia magurudumu yasiteleze hakifanyi kazi. Hapa kwenye lami tutajikongoja, lakini mlimani kwa bibi siendi mpaka fundi aliangalie gari. Na fundi mwenyewe kasema hadi Jumatatu."

Redio akanywea. Bibi alikuwa ametoka hospitalini, nao walikuwa wamemwahidi kwenda Jumamosi. Kila jioni bibi alipiga simu kuuliza, "Mnakuja lini, mjukuu wangu?"

Basi Ijumaa, mama alipokuwa akioga, Redio alichukua ufunguo, akaingia garini na tepu nyeusi ya kufungia nyaya. Akakata kipande kidogo kama ukucha, akakibandika juu ya ile taa. Dashibodi yenyewe ilikuwa nyeusi, hivyo kipande hakikuonekana.

Jumamosi asubuhi mama aliwasha gari, akapiga makofi. "Jamani, imezimika yenyewe! Panda twende, bibi yako asije akatununia."

Walipofika mwisho wa lami, mvua ilikuwa inanyesha. Mbele yao njia ya udongo ilipanda mlima, na upande mmoja kulikuwa na bonde.

"Siku nyingine ningegeuza," mama alisema. "Lakini gari limepona. Mbona wewe umenyamaza? Betri zimekwisha?"

Redio alilitazama bonde. Mama alikuwa anapanda kwa furaha, bila kujua hatari iliyo mbele.

"Mama, simama! Halijapona. Taa inawaka. Niliiziba kwa tepu."

Mama akasimamisha gari. Alipapasa dashibodi, akaibandua tepu kwa ukucha, na mwanga wa manjano ukatokea. Akamgeukia Redio.

"Ungeniacha nipande?"

"Nilitaka tumwone bibi."

Mama aligeuza gari, wakarudi polepole. Redio alilia njia nzima. Safari ilikuwa imekufa, na aliamini mama hatamwamini tena.

Lakini mama hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja gereji, akamsihi fundi kwa ajili ya mgonjwa anayewasubiri. Fundi, mtu wa utani mwingi, aliguna, akachomeka mashine yake ndogo chini ya usukani.

"Inasema gurudumu la nyuma, kushoto," alisema. "Lakini mashine hii inakuonyesha mtaa tu. Nyumba utaitafuta mwenyewe."

Aliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu. Ndani palikuwa na kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita sensa.

"Hii inapima kasi ya gurudumu," alimweleza Redio. "Gurudumu moja likianza kukimbia kuliko mengine, sensa inatoa habari, na gari linalibana lile lenye kiherehere. Hii yetu imenyamaza."

Sensa ilikuwa imegandwa na tope. Fundi aliisugua kwa brashi, akajaribu. Taa bado! Redio akajiinamia.

"Usinune, bado hatujamaliza nyumba zote," fundi alisema. Akaufuata waya wa sensa kwa vidole, taratibu, mpaka akafika mahali uliposuguana na chuma ukakatika. Akauunga vizuri, akaufunga, akaubana mbali na kile chuma. Kisha akafuta kosa kwenye mashine na kulizungusha gari mtaani. Aliporudi, taa ilikuwa imezimika, na safari hii kweli.

"Sikiliza, binti. Taa ikipepesa kwenye utelezi, iko kazini. Ikiwaka mfululizo, inaumwa."

Mchana mvua ilikatika. Mama alimfungulia Redio mlango wa mbele.

"Kaa hapa. Kazi yako ni taa. Ukiona kitu, sema."

Redio hakuamini masikio yake. Alikodoa macho njia nzima. Kwenye kona yenye tope gari lilianza kuyumba.

"Inapepesa, Mama!"

Mama akapunguza mafuta, gari likajishika, likapanda. Mbele ya nyumba ya bibi alizima injini, akamgeukia binti yake.

"Kumpenda bibi si kosa, mwanangu. Kosa lako ni kunificha habari mbaya niliyoihitaji. Ukiificha haiondoki, inabaki palepale huku mimi nikijidanganya. Leo uliogopa, lakini ulisema, ndiyo maana tumefika wazima. Siku nyingine niambie mapema, hata kama nitakasirika."

"Nitakuambia, Mama."

Bibi alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo, akilalamika kwamba chakula kimepoa mara mbili. Mama akafungua mdomo ili ajibu, lakini Redio alimtangulia.

"Tumechelewa kwa sababu yangu, Bibi," alisema, akimshika mkono. "Kaa kwanza, nikueleze nilichofanya."