Laurencia na Gogo la Mfereji

Kila asubuhi Laurencia aliketi ukingoni mwa kitanda, akavuta soksi laini juu ya kigutu chake, kisha akakiingiza kwenye mguu wa bandia. Alikuwa darasa la sita huko Mang'ola. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya kuumwa na nyoka shambani.

Njia ya shule ilipita kwenye mashamba ya vitunguu na kuvuka mfereji wa maji juu ya gogo. Kila siku mama yake aliacha palizi ili amshike mkono pale. Wanawake aliopalilia nao kwa zamu walianza kunung'unika.

"Ikiendelea hivi utahamia kwa shangazi Selestina, Karatu mjini," mama alisema. "Kule hakuna mifereji."

Laurencia hakutaka kuondoka nyumbani. Kwa hiyo siku ya kupimwa mguu ilipofika, alikwenda na mama kliniki Karatu kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Hilary, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alitaka kujua anajiamini kiasi gani.

"Sifuri maana yake una hakika utaanguka. Mia maana yake huna wasiwasi wowote. Kutembea ndani ya nyumba?"

"Mia."

"Kuokota kalamu sakafuni?"

"Mia."

"Kupita penye utelezi?"

Laurencia alimtazama mama. "Mia, dokta."

"Hata mimi sifikishi mia penye utelezi!" Hilary alicheka. Lakini alikuwa amemwona akitembea vizuri kwenye sakafu ya kliniki, akamwamini. "Mama Laurencia, mwache ajaribu kwenda shule peke yake."

"Mia tupu!" mama alisema walipotoka. "Laiti na hesabu ungepata hivyo."

Jumatatu mfereji ulijaa, na gogo lilikuwa limelowa. Laurencia alitanguliza mguu wake mzima, kisha akasita. Mguu wa bandia haukuweza kuhisi utelezi. Nyuma yake alisimama Koinet, mwanafunzi mwenzake.

"We Laurencia, pita bwana! Au unasubiri maji yakauke?"

"Si napita!"

Alipiga hatua ya haraka, akateleza na kutumbukia. Koinet alitupa begi, akamvuta hadi ukingoni. Hakutania tena.

"Si ungesema tu nikushike?"

Kigutu kilichubuka. Kwa siku kadhaa Laurencia hakuweza kuvaa mguu wala kwenda shule.

"Mia gani ile, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nilidhani nikisema ishirini nitakuwa nimefeli. Ungenipeleka kwa shangazi."

Mama alimfunga kidonda upya. "Kidonda kikipona, twende ukamwambie dokta."

Hilary hakumgombeza. "Na mimi nilikosea," alisema. "Nilipaswa kuuliza njia ya shule ikoje." Alipanga ubao juu ya matofali, akamfundisha kushika fimbo, kuhamisha uzito taratibu na kutazama mbele. Nyumbani, mama na wenzake wa palizi walifunga mti wa kushikilia kando ya gogo. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi Laurencia alivuka mwenyewe. Mama alimtazama kutoka katikati ya vitunguu, jembe mkononi, wala hakusogea.

Waliporudi kliniki, Hilary aliuliza tena, "Gogo je?"

"Sabini."

"Mbona si mia?" mama alishangaa. "Si unavuka kila siku?"

"Likilowa bado naogopa, mama. Siku hizo namwomba Koinet anishike."

"Sabini hiyo ina faida kuliko mia ya kwanza," Hilary alisema. "Hapa hakuna kufaulu wala kufeli, Laurencia. Ukificha unapoogopa, mimi nakufundisha unachokijua, na unachohitaji kinabaki. Ukisema kweli, tunajua pa kuanzia kazi."

Alifungua mlango wa nyuma. Nje kulikuwa na ngazi za mawe zisizo na pa kushika.

"Hizo je?"

Laurencia alizitazama kwa makini.

"Arobaini."

"Haya," Hilary alisema, "tuanze."